Ndege Zimo Angani, Mbona Kituo Hakizisikii?

Kila jioni, kwenye kioo cha kompyuta yangu hapa Moshi, ndege zinazotoka Nairobi kuja KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huchomoza ghafla. Hazianzi kama kitone cha mbali kinachosogea kidogo kidogo, kama zile za kutoka Dar es Salaam. Zinatokea tu begani mwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, upande wa kaskazini-magharibi, zikiwa zimeshaanza kushuka. Kwa miezi kadhaa niliamini kituo changu cha kufuatilia ndege kwa redio kina kasoro. Nikanunua busta, nikapandisha ukuzaji wa mawimbi kwenye programu hadi mwisho, nikabadilisha kipokezi. Ndege za Nairobi ziliendelea kuchomoza palepale. Vifaa vilikuwa vizima. Kati yangu na Nairobi kuna mlima wa mita 5,895.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu karibu kila aliyefunga kituo chake cha kufuatilia ndege hufika siku moja akauliza: ninunue nini ili nisikie mbali zaidi? Swali hilo limebeba mambo manne ndani yake: antena inaona wapi, nguvu inapotelea wapi njiani, kelele inaingilia wapi, na mawimbi yakuzwe kiasi gani. Kila jambo lina dawa yake, na dawa ya hili huweza kuwa sumu ya lile. Ndiyo maana watu wawili wananunua busta ileile, mmoja akafurahi na mwenzake akapoteza nusu ya ndege alizokuwa akizipata.

Kwanza tujue kinachosikilizwa. Ndege nyingi za abiria zina transponda, redio ambayo, mbali na kuijibu rada, hutangaza habari zake yenyewe bila kuulizwa. Mfumo huo ndio ADS-B, na ndege kubwa huutumia kwenye masafa ya megahezi 1090 dunia nzima. Ujumbe mmoja una biti 112, na pamoja na mapigo yake ya utangulizi unakwisha ndani ya mikrosekunde 120. Mahali ndege ilipo hutangazwa kama mara mbili kwa sekunde, mwendo wake vivyo hivyo, na jina la safari kila baada ya sekunde tano hivi. Ndani ya kila ujumbe kuna biti za kuhakiki. Ujumbe ukifika umeharibika, programu hutambua, na mara nyingi huutupa. Kwa hiyo hapa hakuna kusikia nusunusu, kama redio inayokwaruza huku sikio likibahatisha maneno. Ujumbe ama umefika mzima ama haukufika. Hilo linaeleza kwa nini badiliko dogo, la desibeli mbili au tatu (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu), huweza kuleta ndege ambazo jana hazikuwepo kabisa.

Na vifaa ni vya bei ndogo. Tangu mwaka 2012, ilipojulikana kwamba vipokezi vya USB vya televisheni vyenye chipu ya RTL2832U vinaweza kutoa mawimbi ghafi kwa kompyuta, mtu yeyote mwenye kipokezi hicho kinachofanana na flashi, antena na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi anaweza kuwa na kituo. Salvatore Sanfilippo, Mtaliano aliyeunda hifadhidata ya Redis, ndiye aliyeandika dump1090, programu iliyozaa nyingi zinazotumika leo, ikiwemo readsb. Tovuti kama Flightradar24, FlightAware na OpenSky hupata sehemu kubwa ya ndege zinazozionyesha kutoka kwa vituo vya watu binafsi, vilivyofungwa juu ya mapaa kama ya kwangu.

Antena inaona wapi

Mawimbi ya megahezi 1090 husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayapandi mlima yakashuka upande wa pili, na hayaufuati mviringo wa dunia ila kwa kupinda kidogo sana. Kuna kanuni rahisi ya upeo: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa ndege kwa mita, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita.

Ndege iliyo mita 10,700 juu, yaani futi 35,000, peke yake inatoa kilomita 426. Antena iliyo mita 5 juu ya ardhi inaongeza kilomita 9. Ipandishe mpaka mita 20, nyongeza inakuwa kilomita 18. Umehangaika na mlingoti, ngazi na waya wa kuukaza, na upeo umesogea kilomita 9 tu kati ya 435.

Mtu akiishia hapo atasema urefu hauna faida. Atakuwa amekosea, kwa sababu kanuni ile inadhani uko katikati ya bahari tulivu. Sisi tunaishi kati ya majumba, miti na vilima. Chukua jirani mwenye ghorofa lililo mita 20 kutoka kwako, na kilele chake kimeizidi antena yako kwa mita 9. Upande ule antena inalazimika kutazama juu kwa nyuzi 24. Ndege iliyo kilomita 10 juu ya mji inapotea nyuma ya ghorofa hilo mara tu inapovuka umbali wa kilomita 22. Ukiipandisha antena mita 6 tu, ghorofa likabaki limekuzidi kwa mita 3, pembe inashuka hadi nyuzi 8 na nusu, na ndege ileile unaisikia hadi kilomita 67. Ukilivuka paa kabisa, upeo wote unafunguka.

Linganisha na Kibo. Kutoka mjini Moshi, kilele kiko kaskazini kwa kilomita 31 hivi, na mji wenyewe uko mita 900 juu ya usawa wa bahari. Pembe ya kutazama kilele ni nyuzi 9. Ndege iliyo mita 11,000 juu ya usawa wa bahari ikipita moja kwa moja nyuma ya kilele, antena ya Moshi inaipoteza ikifika kilomita 62. Ghorofa la jirani, basi, linaziba kuliko Mlima Kilimanjaro. Nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu. Mlima Meru, ulio magharibi kwa kilomita 66 na wenye urefu wa mita 4,562, huziba kuanzia kilomita 165 hivi. Kusini, kuelekea nyika ya Simanjiro, hakuna cha maana cha kunizuia, na huko ndiko ndege zangu za mbali zinakotoka.

Kabla ya kununua chochote, pata picha ya upeo wako wa kweli. Tovuti ya HeyWhatsThat itakuchorea ukiipa mahali ulipo na urefu wa antena: milima yote inayokuzunguka, na mpaka wa ndege za urefu huu na ule. Weka mchoro huo juu ya ramani ya kituo chako. Pale ambapo ndege zako zinaishia kwenye mstari wa mchoro, umeshafika. Hakuna busta itakayokusogeza. Pale zinapoishia kabla ya mstari, una kazi ya kufanya, na hapo ndipo pesa itumike. Kumbuka kwamba mchoro unajua milima lakini haujui ghorofa la jirani wala miti. Miti ina maji ndani ya majani, na maji hunywa mawimbi ya masafa haya. Huku kwetu, ambako migomba na migrivilea imeizingira kila nyumba, kituo kinaweza kusikia vizuri Februari kikadhoofika Aprili, majani yakiwa yamejaa na kulowa.

Upande wa pili wa jambo hili uko kwa wenzetu wa Maskati na Ghuba. Huko, joto na unyevu juu ya bahari huunda tabaka la hewa linaloyanasa mawimbi na kuyapeleka mbali kupita upeo. Mtu anaweza kuamka akakuta anasikia ndege za chini zilizo mbali kuliko kanuni inavyoruhusu, na jioni zimetoweka. Ni zawadi ya hali ya hewa. Usiitumie kupimia antena yako.

Akiba ya desibeli nane

Sasa nguvu. Transponda ya ndege kubwa hutoa mapigo ya wati mia kadhaa, tuseme 250. Mawimbi hayo yakitawanyika kwa kilomita 300 za hewa tupu, kinachofika kwenye antena ya kawaida ni kama sehemu moja ya trilioni ya wati. Kidogo kiasi hicho, lakini kinatosha, kwa sharti moja: kiizidi kelele.

Kelele ninayoisema hapa haitoki nje peke yake. Kila kitu chenye joto hutoa kelele ya redio, na kipokezi chenyewe huongeza ya kwake. Ukipiga hesabu kwa kipokezi cha kawaida cha USB kilichofungwa antena moja kwa moja, ujumbe wa ile ndege ya kilomita 300 unaizidi kelele kwa desibeli kama 18. Programu huhitaji desibeli 10 hivi ili iusome bila makosa. Una akiba ya desibeli 8, na kila unachokifunga kati ya antena na kipokezi kitakula humo.

Anayezikuta desibeli kwa mara ya kwanza ashike mambo mawili: kupoteza 3 ni kubaki na nusu ya nguvu, na kupoteza 6 ni kubaki na nusu ya umbali.

Mla akiba mkubwa ni waya. Waya mwembamba unaokuja na vile viantena vya sumaku hupoteza kama desibeli 1 kwa kila mita. Waya wa RG-58, ambao wengi huununua kwa kuwa umeandikwa kuwa wa redio, ukiwa na mita 15 utakula desibeli 9 hivi. Akiba yote imekwisha, na deni juu. Waya wa dishi wa RG-6, ambao kila fundi dishi anao kwenye begi lake na ambao bei yake ni ndogo, kwa mita hizohizo 15 hula desibeli 3 tu.

Hapo watu hunipinga. Wanasema waya wa dishi ni wa omu 75, na vipokezi ni vya omu 50, havioani. Ni kweli havioani, na hasara ya kutooana huko ni chini ya robo ya desibeli. Kukataa RG-6 kwa sababu hiyo ukachukua RG-58 ni kukimbia manyunyu ukaingia mtoni. Wengine huulalamikia kwa kuwa ndani yake si shaba tupu bali ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mawimbi ya megahezi 1090 hilo halidhuru, maana hayapiti katikati ya waya. Hupita kwenye ngozi yake ya juu, unene wa maikromita mbili hivi, na ngozi hiyo ni shaba. Upo waya mnene zaidi, kama LMR-400, unaopoteza kidogo kuliko huo, lakini kwa mita 10 au 15 tofauti ni ya desibeli moja hivi. Mimi nisingeutolea fedha yake.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko zote: usiyapitishe mawimbi kwenye waya mrefu kabisa. Weka kipokezi na Raspberry Pi karibu na antena, kisha shusha waya wa mtandao ndani ya nyumba. Mawimbi yakishageuzwa kuwa tarakimu hayapotezi kitu, na waya wa mtandao unakwenda hadi mita 100. Adui wa njia hii ni joto. Chini ya bati saa nane mchana panachoma, na Raspberry Pi ikifika nyuzi 80 za sentigredi huanza kujipunguzia kasi. Boksi jeupe lenye matundu ya kupitisha hewa, kwenye kivuli cha ukuta wa upande wa mashariki, limenitosha.

Antena yenyewe

Wimbi la megahezi 1090 lina urefu wa sentimita 27.5. Robo yake ni sentimita 6.9, na hicho ndicho kipimo cha antena rahisi na nzuri unayoweza kuikata mwenyewe kwa waya wa shaba wa umeme wa nyumbani, ule wa milimita za mraba 2.5. Kipande kimoja kinasimama wima katikati ya konekta. Vinne vinafungwa kwenye mwili wa konekta na kuinamishwa kwa nyuzi 45, kama miguu ya kigoda. Kile cha katikati kipunguze kidogo, kifike sentimita 6.5, kwa sababu unene wa waya unaurefusha kiumeme. Kuikata ni kazi ya dakika ishirini. Nimewahi kuifunga karibu na antena ya dukani iliyoonekana ya kifahari, na kwa siku nzima sikuona tofauti ya kunifanya nijute.

Lazima isimame wima, kwa kuwa antena za ndege hutoa mawimbi ya wima. Ukiilaza umejinyima sehemu kubwa ya nguvu kabla hata ya kuanza. Na itoke nje ya paa la bati. Chini ya bati antena iko ndani ya sufuria. Itasikia kinachopenya dirishani tu. Juu ya bati, mambo hugeuka: kile kiantena kifupi cha sumaku kikikaa katikati ya bati hulitumia kama sehemu yake na husikia vizuri kuliko kilivyokuwa mezani, mradi waya wake usiwe mrefu.

Antena za nguvu kubwa zinahitaji neno la tahadhari. Antena haitengenezi nguvu. Ikisemwa ina desibeli 9, maana yake imeufinya usikivu wake ukawa bapa kama chapati kuelekea upeo, na imezinyima ndege za juu na za karibu. Kwenye tambarare, labda ni sawa. Hapa kwangu, ambako upande mzima wa kaskazini ndege zinaonekana kuanzia nyuzi 9 kwenda juu, antena bapa namna hiyo ingekuwa inalitazama tumbo la mlima. Ya desibeli 5 au 6 inatosha karibu kila mahali.

Busta, na kwa nini huua

Tumefika penye mkanganyiko mkubwa. Watu wanaiona busta kama kipaza sauti: ukipandisha, unasikia zaidi. Lakini hebu fikiria umesimama karibu na mashine ya kusaga inayounguruma, na mtu anakuita kutoka ng'ambo ya bonde. Ukipewa kifaa kinachokuza sauti zote, mashine nayo itakuzwa. Humsikii zaidi yule mtu. Unaumiza masikio tu.

Busta nzuri ina kazi mbili halali. Ya kwanza: yenyewe ina kelele ndogo kuliko kipokezi, desibeli 1 hivi badala ya 4, kwa hiyo ikikaa mbele inakurudishia kama desibeli 3 za akiba. Ya pili: ikifungwa juu, kwenye antena, huyakuza mawimbi kabla hayajaingia kwenye waya, na hasara ya waya karibu inafutika. Sifa zote mbili zinategemea mahali ilipofungwa. Busta iliyofungwa chini, baada ya mita 15 za waya, inakuza mawimbi ambayo waya umeshayadhoofisha, na kelele haiwezi tena kutenganishwa nayo. Kwenye vituo, nafasi ya kwanza baada ya antena ina thamani kuliko nafasi nyingine zote pamoja. Umeme wa kuiendesha busta hupandishwa kwa waya uleule wa antena. Vipokezi vingi vya siku hizi vinaweza kuutoa, ukiuwasha kwenye programu.

Mashine ya kusaga kwa wengi wetu ni mnara wa simu. Mitandao ya simu hapa hutangaza kwenye masafa ya karibu, kama megahezi 935 hadi 960, na mengine kuanzia 791 hadi 821. Mnara ulio mita 200 kutoka nyumbani hufika kwenye antena yako ukiwa na nguvu maelfu kwa maelfu ya mara kuliko ndege ya mbali. Kipokezi cha USB hupima mawimbi kwa biti 8 tu, yaani ngazi 256. Mnara ukizijaza ngazi zote hizo, ndege ya mbali haina hata ngazi moja ya kusimama. Dawa hapa ni chujio linalopitisha 1090 na kuzuia mengine. Chujio hula desibeli mbili hivi, kwa hiyo ukiwa mbali na minara linaweza kukupunguzia. Ukiwa karibu nayo litakufufua. Busta zilizotengenezwa mahsusi kwa ADS-B huwa na chujio ndani yake, na ndizo ningemshauri mtu wa mjini azichukue badala ya busta ya televisheni, ambayo hukuza kila kitu.

Utajuaje kama umezidiwa? Shusha ukuzaji kwenye programu, ngazi moja moja: 49.6, 48.0, 44.5, 43.9, na kuendelea. Kama idadi ya ujumbe inapanda kadiri unavyoshusha, kipokezi kilikuwa kimejaa. Hilo ni jaribio la bure, na ndilo la kwanza ninalomwambia kila mtu alifanye.

Hata bila mnara, ndege zenyewe huweza kukijaza kipokezi. KIA iko kilomita 30 tu kutoka kwangu. Ndege iliyo umbali huo hufika na nguvu mara mia kuliko ile ya kilomita 300, na inayopita juu ya nyumba huzidi hapo. Ukuzaji ukiwa juu sana, za karibu zinapasuka na kupotea. Ukiwa chini sana, za mbali zinazama kwenye kelele. Programu kama readsb huonyesha ni ujumbe mwingi kiasi gani unaofika ukiwa na nguvu ya kupita kiasi, juu ya desibeli -3 kwa kipimo chake. Ujumbe wa namna hiyo usipozidi, tuseme, 5 kati ya kila 100, uko mahali pazuri. Kwa kituo kilicho karibu na uwanja wa ndege, inabidi uchague unachokitaka: kuona ndege ikigusa lami, au kuisikia iliyo juu ya Dodoma. Mimi nilichagua ya pili, na napoteza za karibu mara mojamoja.

Maji, umeme na radi

Masika ya kwanza, umbali wangu ulipungua wiki baada ya wiki mpaka nikabaki na ndege za KIA tu. Konekta ya juu ilikuwa imefungwa na fundi niliyemlipa, bila kuzibwa. Maji yalikuwa yameingia na kuteremka ndani ya waya mzima, na shaba ilikuwa imegeuka kijani. Waya ulioingia maji haukauki ukapona; hutupwa. Siku hizi nazungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya kawaida ya kuizuia na jua, na kabla waya haujaingia ukutani nauacha uteremke chini ya tundu kisha upande, ili matone yadondoke pale chini badala ya kufuata waya ndani.

Umeme dhaifu hufanana sana na antena mbovu. Raspberry Pi ikilishwa na chaja ya simu ya bei rahisi, volti hushuka, kipokezi huruka sampuli, na ndege hukatikakatika. Chaja hizo na baadhi ya taa za LED hutoa pia kelele yao ya redio. Sogeza kipokezi mbali nazo kwa waya mfupi wa USB uone.

Mlingoti wa chuma juu ya paa lazima ufungwe ethi, kwa nondo ya shaba iliyozikwa na waya mnene usiopindapinda, na waya wa antena uwe na kinga ya radi kabla ya kuingia ndani. Hilo halikulindi na pigo la moja kwa moja, ila linapunguza madhara ya radi za jirani. Mvua ya radi ikianza, chomoa. Na kama unaishi karibu na uwanja wa ndege, urefu wa mlingoti una mipaka yake. Kwa Tanzania wa kuulizwa ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kupima bila kujidanganya

Badilisha kitu kimoja, kisha subiri wiki nzima. Wengi hubadilisha antena saa nne asubuhi, wakalinganisha na saa mbili usiku wa jana. Ndege nyingi za kati ya Ulaya na kusini mwa Afrika hupita usiku. Anga ya usiku na ya mchana hazilingani, wala Jumamosi na Jumanne. Usitazame idadi ya ujumbe peke yake, kwa kuwa hiyo hufuata idadi ya ndege zilizokuwepo. Tazama ujumbe kwa kila ndege, na tazama umbali wa mwisho kwa kila upande wa dira. Umbali ukiongezeka pande zote kwa usawa, umepunguza hasara au kelele. Ukiongezeka upande mmoja, umevuka kizuizi. Za mbali zikiongezeka na za karibu zikapungua, umegusa ukuzaji. Ukizoea kuusoma mchoro huo, kituo kinakueleza chenyewe kinaumwa wapi.

Zipo ndege ambazo hazitangazi mahali zilipo. Zinatoa namba na urefu tu. Hizo hupatikana kwa vituo kushirikiana: kila kimoja kinapima ujumbe uleule umekifikia lini, na kutokana na tofauti za muda hesabu inapatikana. Kwa kawaida vinatakiwa vituo vinne au zaidi vinavyoisikia ndege hiyo kwa pamoja, na kila kimoja kiwe kimeandika mahali kilipo kwa usahihi wa mita chache. Ulaya vituo vimebanana kiasi kwamba hilo halimsumbui mtu. Huku kwetu unaweza kuwa na kituo kizuri kabisa na jirani yako wa karibu akawa mkoa mwingine, nyuma ya mlima.

Ndege za Nairobi bado zinachomoza ghafla begani mwa Kibo. Nimeshaacha kuhangaika na vifaa kwa ajili yake. Ninachokitafuta sasa ni mtu wa Loitokitok, upande wa pili wa mlima, mwenye paa linaloutazama uwanda wa Amboseli. Yeye angeziona ndege hizo muda mfupi baada ya kuruka, na kwa waya mita kumi wa dishi na vipande vitano vya shaba angeanza wiki hii.